Orodha Tupu Si Ghala Tupu: Elimu ya Kutafuta Hitilafu katika Hifadhi ya Filamu za Masomo

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto hupanda kwa mizunguko mingi, ikipita Soni, na katika mwendo wa kilomita zipatazo 33 humtoa msafiri kwenye joto la bondeni na kumfikisha kwenye mji ulioko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Saruji, mafuta na vitabu hupanda barabara hiyo kwa taabu. Elimu inayosafirishwa angani nayo ina taabu yake. Mawimbi ya redio yanayobeba intaneti ya simu husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na kila kilele cha Milima ya Usambara hutupa kivuli nyuma yake, kama vile kinavyotupa kivuli cha jua. Yamkini kijiji kilicho upande mmoja wa mlima kikapata mawasiliano mazuri, na jirani yake wa upande wa pili akapata kidogo sana au asipate kabisa.

Waya wa chini ya bahari wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010, njia ya data kati ya Tanzania na ulimwengu ilipanuka sana. Hata hivyo, upana wa njia kuu hauondoi vivuli vya milima. Chukulia filamu ya somo la fizikia yenye urefu wa saa 2, iliyorekodiwa kwa kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde. Saa 2 ni sekunde 7,200. Kwa hiyo filamu hiyo ina megabiti 57,600, yaani gigabaiti 7.2. Shule inayopata intaneti ya megabiti 1 kwa sekunde itahitaji sekunde 57,600, ambazo ni saa 16 kamili, ili kuipokea filamu moja. Darasa haliwezi kungoja saa 16 ili kutazama somo la saa 2.

Dawa ya tatizo hili inajulikana: filamu hupokelewa mara moja tu, kidogo kidogo, usiku na mchana, kisha huwekwa katika hifadhi ya karibu ambamo kila mtu aweza kuitazama bila kutumia intaneti tena. Mkoa wa Tanga una historia katika jambo hili. Kati ya mwaka 2017 na 2019 mashindano ya kimataifa ya Global Learning XPRIZE yalifanyiwa majaribio katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo. Watoto wapatao 2,700 walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kwa kutumia kompyuta bapa, ambazo betri zake zilijazwa kwa nguvu za jua hapohapo kijijini. Masomo yote yalikuwa ndani ya vyombo vyenyewe. Hakuna aliyehitaji kungoja mawimbi yavuke mlima.

Lakini hazina iliyokusanywa kwa miezi mingi yaweza kupotea kwa dakika chache. Aghalabu kinachoipoteza si radi wala mwizi. Ni mtu mwenye nia njema ambaye, baada ya kuona filamu hazionekani tena kwenye televisheni, huamua kufuta kila kitu na kuanza upya. Makala haya yanaeleza jinsi hifadhi ya namna hiyo inavyofanya kazi, na jinsi ya kutafuta hitilafu yake kwa utaratibu wa kisayansi, ili uamuzi huo wa haraka usifanyike.

Ghala la mtandao ni nini?

Ghala la mtandao ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, yenye diski moja au zaidi, iliyounganishwa na ruta ya nyumbani au ya shule. Maghala mengi ya aina hii huendeshwa na mfumo wa Linux. Ndani yake mna mambo matatu ambayo hapana budi kuyatofautisha.

La kwanza ni faili zenyewe, yaani filamu, nyimbo na picha, zilizoandikwa kwa sumaku juu ya diski. La pili ni programu ya seva, kama vile Jellyfin, Plex au MiniDLNA, ambayo kazi yake ni kuzitafuta faili hizo na kuzipeleka kwa televisheni, simu au projekta inayoziomba. La tatu ni kanzidata, ambayo ni daftari la programu hiyo. Humo huandikwa jina la kila filamu, urefu wake, mahali ilipo katika diski, na pengine kumbukumbu ya mtu aliyeitazama akaishia katikati.

Mtazamaji aliyekaa mbele ya televisheni haoni faili. Anachoona ni orodha iliyotolewa katika daftari. Hapa ndipo penye kiini cha mkanganyiko wote: daftari likiharibika, mtazamaji huona ghala tupu, hali faili zote zingali mahali pake zikiwa salama.

Je, milima ndiyo yenye makosa?

Chombo kinapokataa kufanya kazi huko Lushoto, watu wengine huushuku urefu wa milima. Shaka hiyo ina msingi wa kisayansi, na inafaa ipimwe. Katika diski ya sumaku, bamba huzunguka kwa kasi, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nanomita chache tu. Katika diski za kawaida kinachokibeba kichwa hicho ni hewa inayokokotwa na bamba lenyewe. Hewa ikiwa nyepesi mno, kichwa hushuka na huweza kulikwaruza bamba.

Mgandamizo wa hewa katika mita 1,400 ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Watengenezaji wengi huruhusu diski zao zitumike hadi mita 3,000 hivi, na vilele virefu vya Usambara havizidi sana mita 2,300. Kwa hiyo urefu wa milima umeondolewa mashtaka.

Washtakiwa walio na ushahidi dhidi yao ni wawili. Wa kwanza ni unyevu. Chombo kilicholala katika baridi ya usiku, kikaletwa ghafla katika chumba chenye joto na pumzi za watu wengi, hufanya matone ya maji juu ya sehemu zake, kama glasi ya maji baridi inavyotoa jasho. Inafaa kikae saa chache chumbani kabla ya kuwashwa. Wa pili, ambaye ndiye mkosaji mkubwa, ni umeme unaokatika ghafla. Kompyuta haiandiki kila kitu papo hapo kwenye diski. Sehemu ya kazi huishika kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo hupotea umeme unapokatika. Daftari lililokuwa likiandikwa wakati huo laweza kubaki na ukurasa nusu. Filamu iliyokwisha kuandikwa wiki iliyopita haiguswi, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiiandika.

Hii ndiyo sababu daftari huharibika mara nyingi zaidi kuliko faili za filamu. Daftari huandikwa kila siku, lakini filamu huandikwa mara moja na baada ya hapo husomwa tu.

Kupita mfereji

Wakulima wa mboga wa Usambara wanaijua kanuni ya kutafuta hitilafu hata bila kompyuta. Maji ya mfereji yasipofika shambani, mkulima mwenye busara haanzi kwa kuchimba mfereji mpya. Huenda katikati ya mfereji akatazama. Maji yakiwapo pale, kizuizi kiko chini yake. Yasipokuwapo, kizuizi kiko juu. Kwa kutazama mara moja ameondoa nusu ya mfereji katika shaka. Kisha huigawa nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo. Mfereji wenye sehemu 8 huhitaji kutazamwa mara 3 tu. Wenye sehemu 1,000 huhitaji mara 10.

Njia ya filamu kutoka diskini hadi machoni ni mfereji wa namna hiyo. Huanzia kwenye diski, hupita katika mfumo wa faili, katika programu ya seva, katika waya, katika ruta, pengine katika hewa kwa mawimbi ya Wi-Fi, na kuishia katika televisheni. Mahali pazuri pa kutazama katikati ni hapa: kompyuta iliyounganishwa katika mtandao huohuo ilifungue ghala kama folda ya kawaida, na filamu ichezwe kwa programu ya VLC bila kupitia seva ya filamu.

Ufunguaji huo wa folda hufanywa aghalabu na programu iitwayo Samba, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Andrew Tridgell wa Australia. Jina hilo halina undugu na Wasambaa. Limetokana na herufi SMB, jina la utaratibu wa kushirikiana faili kati ya kompyuta. Filamu ikicheza kwa njia hii, basi umeme, diski, faili, waya na ruta vimethibitika kuwa vizima, na shaka imebaki kwa programu ya seva, daftari lake na televisheni. Isipocheza, haifai kupoteza muda na programu ya seva. Kizuizi kiko mahali pengine.

Kanuni ya pili ya kutafuta hitilafu ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuandika lililotokea. Anayebadili mambo matatu kwa pamoja, chombo kikapona, hajui kilichokiponya. Kisipopona, hajui kama hakuongeza kasoro mpya.

Hatua ya kwanza: je, ghala liko hai?

Taa ya umeme ikiwaka na taa ya mtandao ikimetameta, bado kuna swali la anwani. Kila chombo katika mtandao kina anwani ya tarakimu, mathalani 192.168.1.20, ambayo hugawiwa na ruta. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huweza kuligawia ghala anwani nyingine. Televisheni au simu iliyokariri anwani ya zamani itagonga mlango usio na mtu. Tiba ni kuiagiza ruta ilitengee ghala anwani moja ya kudumu.

Uhai wa anwani hupimwa kwa amri iitwayo ping, iliyotungwa na Mike Muuss wa Marekani mwaka 1983. Jina lake limetokana na mlio wa mitambo inayopima kina cha bahari kwa mwangwi. Kompyuta hutuma ujumbe mfupi na kungoja urudi. Mwangwi ukirudi, njia ya kwenda na kurudi ni nzima.

Saa ya ghala nayo itazamwe. Mifumo ya jamii ya Unix, ikiwamo Linux, huhesabu muda kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Kompyuta ndogo isiyo na betri ya saa yaweza kuamka baada ya umeme kurudi ikidhani kuwa ni mwaka huo, au kuwa ni siku ya mwisho ilipozimwa. Vyeti vya usalama vya mawasiliano vina tarehe za kuanza na kuisha. Saa ikikosea, cheti kizima huonekana batili na mawasiliano hukataliwa.

Hatua ya pili: wito usioitikiwa

Televisheni hujuaje kuwa kuna seva ndani ya nyumba? Katika mfumo wa DLNA, ulioanzishwa na kampuni za elektroniki mwaka 2003, televisheni haijui anwani ya seva tangu mwanzo. Hutoa wito kwa kundi zima kupitia anwani maalumu 239.255.255.250, mlango namba 1900, kana kwamba inauliza, "Nani hapa ana filamu?" Seva husikia wito na kujibu kwa kutaja mahali inapopatikana. Umoja wa kampuni uliosimamia DLNA ulifungwa mwaka 2017, lakini utaratibu wake ungalimo katika televisheni na maghala mengi.

Wito huu una udhaifu wake. Kwa kawaida hauvuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Nyumba au shule yenye ruta mbili, moja ya kampuni ya simu na nyingine iliyoongezwa kwa ajili ya Wi-Fi, mara nyingi huwa na mitandao miwili bila wenyewe kujua. Televisheni iliyo katika mmoja haiwezi kusikiwa na seva iliyo katika mwingine. Hali kadhalika, ruta nyingi zina mtandao wa wageni ambao kwa makusudi huwazuia wageni wasiyaone maghala ya wenyeji. Jambo la kwanza la kupima ni kama anwani za vyombo vyote viwili zinaanza kwa tarakimu zilezile.

Kuna dalili moja inayowasumbua wengi: seva huonekana mara tu inapowashwa, kisha baada ya muda hutoweka, ikawashwa upya ikaonekana tena. Dalili hii mara nyingi haitokani na seva. Baadhi ya ruta na visambaza-waya huweka orodha ya vyombo vilivyoomba kupokea wito wa kundi, na husahau chombo ambacho hakijajitaja upya. Seva ingali hai, ila wito haupelekwi kwake tena. Kuiwasha upya huonekana kuwa tiba kwa sababu seva hujitaja inapoanza. Tiba halisi ni kurekebisha mpangilio huo katika ruta.

Hatua ya tatu: orodha tupu

Seva inaonekana, televisheni inaingia, lakini orodha haina filamu hata moja. Hapa ndipo penye hatari kubwa ya kukata tamaa na kufuta kila kitu, na kwa sababu hiyo hapana budi pachunguzwe kwa utulivu. Sababu za kawaida ni nne.

Sababu ya kwanza ni mbio za kuamka. Umeme unaporudi, vyombo vyote huamka pamoja. Diski ya nje huchukua sekunde kadhaa hadi bamba lake lifikie kasi yake kamili, lakini programu ya seva huweza kuwa tayari mapema zaidi. Seva hufungua folda ya filamu, huikuta tupu kwa kuwa diski haijaungwa bado, na kwa uaminifu kabisa huandika katika daftari lake kwamba hakuna kitu. Tiba ni kungoja diski itulie, kisha kuiwasha upya programu ya seva peke yake na kuiagiza ikague folda tena.

Sababu ya pili ni njia iliyobadilika. Diski ya nje iliyojulikana jana kwa jina moja huweza leo kupewa jina jingine na mfumo, hasa ikiwa ilichomolewa bila kuagwa. Daftari linaelekeza nyumba ya zamani, na filamu zimo nyumba ya pili. Tiba ni kuuagiza mfumo uitambue diski kwa namba yake ya kudumu, si kwa mpangilio wa kuchomekwa.

Sababu ya tatu ni ruhusa. Katika Linux kila faili ina ruhusa za makundi matatu: mwenyewe, kikundi chake, na watu wengine. Kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, na kutekeleza 1. Faili yenye ruhusa 644 huweza kusomwa na kuandikwa na mwenyewe, kwa kuwa 4 na 2 ni 6, na wengine wote huweza kuisoma tu. Kwa folda, ile 1 ina maana ya kuruhusiwa kupita mlangoni. Ndiyo maana folda hupewa 755. Programu ya seva huingia katika mfumo kwa jina lake yenyewe, kama mtumishi mwenye kitambulisho chake. Mwalimu akinakili filamu kwa jina lake kwa ruhusa 600, yeye ataziona vizuri katika kompyuta yake, lakini mtumishi atafungiwa mlango.

Sababu ya nne ni daftari lililoharibika au lisiloweza kuandikwa. Mfumo wa Linux ukigundua kasoro katika diski baada ya umeme kukatika, mara nyingi huifungua kwa kusoma tu, ili kasoro isienee. Seva basi haiwezi kuandika daftari lake. Wakati mwingine diski imejaa kabisa, na matokeo ni yaleyale. Diski ikishakaguliwa na kupata nafasi, daftari lililoharibika hutibiwa hivi: programu ya seva husimamishwa, faili ya daftari huhamishwa kando bila kufutwa, kisha programu huanzishwa upya, nayo huandika daftari jipya kwa kuzikagua faili moja moja. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa nyingi kama filamu ni nyingi. Kumbukumbu ya nani alitazama nini huenda ikapotea, lakini filamu hazipotei.

Ipo pia hali ya orodha iliyo nusu: filamu za zamani zinaonekana, mpya hazionekani. Linux ina utaratibu wa kuijulisha programu kila faili mpya inapoingia, na kila folda inayolindwa huhitaji mlinzi mmoja. Idadi ya walinzi ina kikomo, na kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kilikuwa 8,192. Maktaba yenye folda nyingi kuliko walinzi huacha baadhi bila ulinzi, na faili inayoingia humo haitangazwi. Kikomo chaweza kuongezwa, au ukaguzi wa folda zote ukaamriwa kila usiku.

Funzo la mimea mikavu

Tofauti kati ya hazina na daftari lake si jambo geni katika Usambara. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti huko Amani, Usambara Mashariki, ambako mimea ya milima ilikaushwa, ikabandikwa katika karatasi na kuandikiwa lebo yenye jina, mahali na tarehe ya kukusanywa. Karibu na mwaka 1950 mkusanyo huo ulihamishiwa Nairobi. Lushoto kwenyewe, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, TAFORI, kina mkusanyo wake wa mimea mikavu.

Katika mkusanyo wa namna hiyo, daftari la rejesta likipotea, mtunzaji mwenye subira huweza kupita karatasi moja moja, akasoma lebo na kuandika rejesta mpya. Ni kazi ndefu, lakini inawezekana. Karatasi zenyewe zikiteketea, rejesta iliyobaki ni orodha ya majina tu. Haiwezi kuotesha hata jani moja. Hasara hizi mbili hazilingani, na anayezichanganya huweza kuchoma mimea kwa hasira ya kupotelewa na rejesta. Kufomati diski kwa sababu ya orodha tupu ni kosa la jinsi hiyohiyo.

Hatua ya nne: filamu ipo, lakini haichezi

Picha ya televisheni yenye nukta 1,920 kwa 1,080, kila nukta ikiwa na biti 24 za rangi, na picha 25 kwa sekunde, ingehitaji megabiti 1,244 kila sekunde kama isingebanwa. Filamu ya megabiti 8 kwa sekunde imebanwa zaidi ya mara 150. Utaratibu wa kubana na kukunjua huitwa kodeki. H.264, iliyotolewa mwaka 2003, inafahamika kwa karibu kila chombo, H.265, ya mwaka 2013, hubana zaidi lakini televisheni nyingi za zamani haziifahamu. Sauti nayo ina kodeki yake. Filamu inayotoa sauti bila picha, au picha bila sauti, inaonyesha kuwa televisheni inafahamu lugha moja kati ya mbili.

Seva kama Jellyfin huweza kuwa mkalimani: hukunjua filamu na kuibana upya kwa lugha ambayo televisheni inaielewa, papo hapo. Kazi hiyo ni nzito, na kompyuta ndogo ya ghala mara nyingi haiiwezi. Filamu hucheza sekunde chache, husimama, hucheza tena. Dawa ni kuigeuza filamu mapema kwa kompyuta yenye nguvu, usiku mmoja, na kuihifadhi katika H.264.

Filamu ikikwama ingawa kodeki ni sawa, mshtakiwa ni hewa. Mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5 hubeba data nyingi, lakini huchoshwa na kuta haraka kuliko yale ya gigahezi 2.4, na kuta nene za mawe huyameza yote mawili. Jaribio ni rahisi: chombo kiungwe kwa waya. Kikicheza vizuri kwa waya, ukuta ndio uliokuwa ukiiba data.

Diski inayokufa, na nakala ya akiba

Imebaki hali moja ambayo haina mzaha. Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, au faili zikinakiliwa kwa kusuasua, au kipimo cha ndani cha diski kiitwacho SMART kikionyesha idadi ya sehemu mbovu inaongezeka, basi hapa hazina yenyewe iko hatarini. Uchunguzi wote usimame. Kazi ya kwanza ni kunakili faili kwenda diski nyingine, matengenezo yatafuata.

Wengine hujiona salama kwa kuwa ghala lao lina diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja, mpango unaojulikana kama RAID, jina lililotolewa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley mwaka 1988. Mpango huo hukinga dhidi ya kifo cha diski moja. Haukingi dhidi ya radi, wizi, moto, wala kidole kilichobonyeza kitufe cha kufuta, kwani agizo la kufuta hutekelezwa katika diski zote mbili kwa utiifu uleule. Nakala ya akiba ni ile iliyo nje ya sanduku, na bora iwe nje ya jengo.

Hapa barabara ileile ya mizunguko inakuwa msaada. Diski ya terabaiti 2 hubeba megabiti milioni 16. Kwa intaneti ya megabiti 1 kwa sekunde, kuisafirisha kungechukua siku 185. Ikiwekwa katika mkoba wa abiria wa basi kutoka Lushoto hadi Tanga, na safari ikachukua saa 5, data hizo zitakuwa zimesafiri kwa wastani wa megabiti 889 kwa sekunde. Shule mbili zilizo mbali zikibadilishana nakala kwa njia hiyo mara moja kwa muhula, kila moja inakuwa mlinzi wa hazina ya mwenzake.

Kwa muhtasari, hitilafu nyingi za ghala la mtandao hukaa katika daftari, katika ruhusa, katika anwani au katika hewa, na chache hukaa katika faili. Mchunguzi aanze katikati ya mfereji, abadili jambo moja kwa wakati mmoja, aandike alichokiona, na asifute chochote kabla ya kujua kama kilichotoweka ni mali au ni orodha ya mali.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Shule ina intaneti ya megabiti 3 kwa sekunde usiku tu, kwa saa 8. Je, filamu ya gigabaiti 7.2 itahitaji usiku mmoja au zaidi?

2. Faili ina ruhusa 640, na programu ya seva si mwenye faili wala si mmoja wa kikundi chake. Eleza kwa nini seva huweza kuliona jina la faili lakini isiweze kuicheza.

3. Njia ya filamu ina sehemu 16 zinazoweza kuharibika. Kwa njia ya kugawa nusu, vipimo vingapi vinatosha kuipata sehemu moja mbovu?

4. Televisheni haioni seva, lakini kompyuta iliyo chumba hichohicho inacheza filamu kwa VLC kupitia folda. Taja sehemu zilizoondolewa katika shaka, na sehemu zilizobaki.